Kukesha si Kujua

Maoni ya mwanachama wa zamani

Wengi wenu hamnijui. Nilikuwa katika chama hiki cha Kiswahili kabla hamjavaa sare ya shule hii, na baadhi ya mashairi yangu mabovu yamo katika majarida ya miaka iliyopita, mkitaka kucheka. Siku hizi niko chuo kikuu, mwaka wa pili, nasomea udaktari. Mlezi wa chama aliponiomba niwaandikie neno la kuwatia moyo nilikubali mara moja. Lakini sitaki kuwadanganya. Wale wanaotarajia nyimbo za 'someni kwa bidii mtafaulu' watanisamehe. Maoni yangu ni kwamba bidii peke yake haitoshi. Iko bidii ya kupanda mlima, na iko bidii ya kukanyaga pedali za baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi: jasho linatiririka, miguu inauma, lakini safari haipo.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta mwenyewe. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia.

Nilipokuwa hapa nilisifika kwa kukesha. Wenzangu waliniita Bundi. Prepu ikiisha na taa kuzimwa, mimi nilijifunika blanketi gubigubi na tochi yangu, nikisoma daftari la Biolojia kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha narudia, kisha narudia tena. Nilipigia mistari kwa rula. Nilinakili daftari moja katika daftari jingine kwa mwandiko mzuri zaidi. Kabla ya mtihani nilikuwa na uwezo wa kughani maelezo ya mwalimu kama kasuku wa mfalme. Mtihani wa KCSE ukaja, nikapasua vizuri. Kijijini kwetu pakafanywa harambee, hata wazee ambao hawana kitu wakatoa kuku. Tangu siku ile mamangu mzazi hajaniita kwa jina langu. Ni 'Daktari, niletee kuni', 'Daktari, umekula?' Nami moyoni nilijiambia: mbinu yangu ni hii hii, nitapanda nayo mpaka kileleni.

Maskini mimi!

Siku ya kwanza katika chumba cha anatomia sitaisahau. Harufu kali ya fomalini inachoma macho, na juu ya meza wamelala binadamu ambao sasa ndio walimu wetu. Hakuna aliyefanya mzaha. Kisha masomo yakaanza kumiminika kama mvua ya masika. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na mikono na miguu, yaani viganja na nyayo pamoja na vifundo vyake, peke yake ina mifupa 106. Kila mfupa una jina, na kila kijishimo na kinundu katika mfupa kina jina lake, na kila msuli unaanza mahali fulani na kuishia mahali fulani na kuendeshwa na neva fulani. Hiyo ni anatomia tu. Wakati huo huo kuna fiziolojia, inayoeleza jinsi mwili unavyofanya kazi, na biokemia, ambayo kwa kweli mwanzoni sikuona ndani hata kidogo. Kozi yenyewe hapa Kenya huchukua miaka 6, halafu kuna mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi kabla hujaachiliwa usimame peke yako.

Mimi nikafanya nini? Nikarudi kwa blanketi na tochi. Nikapiga 'transnaiti' usiku baada ya usiku. Nikanunua kalamu za rangi 4 za kuangazia maneno, na baada ya mwezi mmoja kitabu changu kilikuwa na rangi nyingi kuliko kitenge. Nilijiona msomi kwelikweli.

Mtihani wa kwanza wa anatomia ulikuwa wa vituo. Unasimama mbele ya meza, kuna pini imechomekwa katika msuli au neva, unaandika jina na kazi yake, kengele inalia, unasogea meza nyingine. Nilifika kituo cha tatu nikatazama ile pini. Ndugu zangu, nilijua kabisa kwamba jibu liko katika ukurasa wa kushoto, juu kidogo ya picha, na kwamba nimelipaka rangi ya manjano. Ukurasa wote niliuona akilini. Jina lenyewe sikuliona! Kengele ikalia. Kituo cha nne, hivyo hivyo. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa na alama 31 kwa 100. Nilianguka kama gunia la viazi. Mama akapiga simu jioni ile: 'Daktari, masomo yaendaje?' Nikamjibu, 'Yanaenda vizuri, mama.' Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa udaktari.

Lakini hayo ya alama si kitu. Kilichonivunja moyo hasa kilikuja likizoni. Kijana mmoja jirani yetu, mwendeshaji wa bodaboda, alikuwa ameanguka na kuvunjika mfupa wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Mfupa ulikuwa unaunga lakini kiganja chake kilining'inia kama jani la mgomba lililokatwa, hakuweza kukiinua. Mama akamwita nyumbani kwa fahari: 'Mwulize Daktari huyu.' Kijana akanyoosha mkono wake mbele yangu akasema, 'Kaka, hebu niambie, huu mkono utainuka tena?'

Wasomaji wangu, neva ya mkono ile nilikuwa nimeisoma mara sita. Nilikuwa nimeinakili mara mbili. Nikafungua mdomo, nikapata hewa tupu. Nikamwambia, 'Utapona tu, usijali.' Akaniangalia, akashukuru, akaenda zake. Sisemi ningemtibu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si daktari, na akijifanya daktari ataua watu. Lakini ningejua kumwambia kwamba pengine ni neva imeumia, na kwamba asikae nyumbani akingoja muujiza bali arudi hospitalini haraka. Sikujua hata hilo. Usiku ule nilielewa kwamba kusoma kwangu kulikuwa mapambo.

Nilipokuwa nimerudi chuoni, dada mmoja wa mwaka wa nne alinikuta maktabani nikipaka rangi. Akatazama kitabu changu, akacheka kidogo, kisha akasema, 'Funga hicho kitabu. Sasa niambie ulichosoma.' Nikajikuna kichwa. Nikasema sentensi mbili, nikakwama. Akasema, 'Hapo ulipokwama ndipo masomo yanapoanza. Hayo mengine yote ulikuwa unatazama karatasi.' Akaondoka. Sijawahi kupewa somo fupi kama lile wala la maana kama lile.

Kumbe jambo hili wataalamu walilijua zamani! Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka wa 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima ni juhudi kiasi gani anayookoa akizikariri tena baadaye. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ilikuwa imeyeyuka, na baada ya siku moja, theluthi mbili hivi. Kwa hivyo kusahau si laana ya mtu mjinga. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo, changu na chako.

Mwaka wa 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio jingine ambalo kila mwanafunzi angefaa kulijua. Wanafunzi walipewa kifungu wakisome. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi lingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likajaribu kuandika yote linayoyakumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, wale wa kusoma tu walishinda: asilimia 83 kwa 71. Hapo ndipo sisi akina Bundi tunapodanganyika! Lakini walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wale wa kusoma tu walikumbuka asilimia 40, na wale waliojijaribu asilimia 61. Na tazama kiroja hiki: waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Kumbe kule kuhisi kwamba unajua si kujua. Maneno yakizoeleka machoni unadhani yameingia kichwani.

Basi nikabadilisha mwenendo. Nitawaeleza ninayoyafanya, nanyi mchague yanayowafaa.

Kwanza, sasa nasoma mara moja kwa makini, nafunga kitabu, kisha naandika kwa karatasi tupu kila ninachokumbuka. Halafu nafungua kitabu na kalamu nyekundu kuona nilichokosa. Inauma, bwana! Mwanzoni karatasi inakuwa nyekundu tupu. Mtu hapendi kujiona mjinga, ndiyo maana tunapenda kurudia kusoma, kwa sababu kitabu hakituumbui. Lakini mficha uchi hazai. Mfano ni mtandao wa neva za mkono, unaoitwa pleksasi ya brakia. Una mizizi 5 kutoka sehemu ya shingo na juu ya kifua, inaungana kuwa mashina 3, yanagawanyika kuwa vipande 6, vinaunda kamba 3, na mwisho zinatoka neva kubwa 5. Niliusoma kwa rangi 4 ukanishinda. Nilipoanza kuuchora bila kutazama, kila asubuhi kabla ya chai, kwa siku kumi na nne, ukakaa. Hata sasa naweza kuuchora matatuni.

Pili, nagawa. Bandu bandu huisha gogo. Saa nne za somo moja usiku mmoja hazilingani na saa moja kwa siku nne zilizoachana. Mimi hutumia kasha la viatu. Nimekata manila vipande vidogo. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Kasha lina sehemu nne: ya kila siku, ya kila siku tatu, ya kila wiki na ya kila wiki mbili. Kadi nikiipata inasonga mbele; nikiikosa, inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika mwisho. Si uvumbuzi wangu. Sebastian Leitner aliueleza utaratibu wa namna hii katika kitabu alichoandika kwa Kijerumani mwaka wa 1972. Wenzangu wenye simu nzuri hutumia programu ya Anki inayofanya kazi hiyo hiyo. Kasha langu halihitaji chaji. Wenye ulimi mkali wanasema kadi zangu zinafanana na mwakenya. Tofauti ni kwamba mwakenya unaingia nao mtihanini mfukoni, na kadi zangu naziacha bwenini.

Tatu, nauliza 'kwa nini'. Figo zetu mbili huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwa damu kila siku. Ukikariri hiyo 180 utaisahau. Lakini ukijiuliza, 'Mbona basi mtu hakojoi mapipa, anakojoa lita moja na nusu hivi? Hizo nyingine zimekwenda wapi?' hapo huna budi kutafuta jinsi mirija midogo ya figo inavyorudisha karibu maji yote katika damu, na ukishaelewa hilo, ile namba inabaki yenyewe. Kitu chenye sababu hakitoroki upesi.

Nne, naeleza kwa Kiswahili. Hapa nakishukuru chama hiki. Vitabu vyetu vyote vya udaktari ni vya Kiingereza, na ni rahisi sana kujificha nyuma ya majina yake makubwa. Lakini jaribu kueleza kazi ya kongosho, wengu au mtulinga kwa Kiswahili safi ambacho mama anayeuza maandazi langoni atakielewa! Ukishindwa, basi hukuelewa; ulikuwa umebeba maneno tu. Tena siku moja wagonjwa watakuja, na wengi wao watauliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama zao. Hawatauliza kwa lugha ya kitabu.

Tano, nalala. Ndiyo, Bundi amestaafu! Usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyaimarisha yale uliyojifunza mchana. Anayekesha kabla ya mtihani ni kama mkulima anayepanda mbegu mchana, kisha usiku anakwenda kuzifukua aone kama zimeota.

Najua mtanipinga, na ni haki yenu. Mmoja atasema, 'Lakini kaka, wewe mwenyewe ulipita kwa kukariri!' Kweli. Lakini nikikumbuka vizuri, sikuokolewa na tochi. Niliokolewa na walimu, ambao kwa miaka minne walitupa majaribio kila wiki, wakatusimamisha darasani kutuuliza maswali, wakaturudisha kwa mada za kidato cha kwanza hata tukanung'unika. Walimu ndio waliotupima na kututenganishia masomo. Mimi nilidhani ni blanketi langu. Chuoni hakuna wa kukufanyia hivyo, ndiyo maana nikaanguka.

Mwingine atasema, 'Kukariri hakuepukiki.' Hilo pia nakubali. Mifupa 8 ya kifundo cha mkono haina falsafa. Lazima ujue majina yake. Sipingi kukariri. Napinga kukariri bila kujijaribu. Na wa tatu atasema hana wakati. Ndugu, wakati unao, unautumia kunakili daftari. Mwaka wa 2013 wataalamu wakiongozwa na John Dunlosky walipitia mbinu kumi za kusoma. Kupiga mistari na kusoma tena na tena ziliwekwa katika kundi la mbinu zenye faida ndogo. Kujijaribu na kutenganisha vipindi ndizo mbili zilizopewa daraja la juu. Mbinu ambazo sisi tunazipenda mno ndizo zilizo chini!

Kwa hivyo nina ombi kwa viongozi wa chama na kwa walimu wetu. Iwe mwanafunzi anajiandaa kwa KCSE au ni wa ule mtaala mpya wa umilisi, jambo ni lile lile. Hebu dakika 15 za mwisho za prepu ziwe za vitabu vilivyofungwa. Kila mtu aandike alichokisoma, kisha ageukie jirani yake amweleze. Chama kianze na ngeli na semi: funika jedwali la ngeli, liandike mwenyewe, kisha ulinganishe. Msihesabiane saa za kukesha. Tumezoea kumsifu mtu ati 'huyo analala saa nane za usiku'. Tumwulize, 'Umefunga kitabu? Ulikumbuka nini?' Sifa zikibadilika, tabia itabadilika.

Desemba nilirudi nyumbani. Nilimwambia mama ukweli kuhusu zile alama 31, na kwamba nilirudia mtihani ule nikapita. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, 'Sasa nieleze huo mkono wa jirani ulikukwamisha nini.' Nikachukua mwiko wa ugali na kamba ya mbuzi. Nikazungusha kamba nyuma ya mwiko nikamwonyesha jinsi neva inayoitwa radiali inavyopita nyuma ya mfupa, ikiugusa kabisa, hivi kwamba mfupa ukivunjika katikati neva inaweza kuumia pia. Na kwamba mara nyingi hupona yenyewe kwa miezi kadhaa, mradi mgonjwa aangaliwe, kiganja kifungiwe kitu cha kukishikilia na viungo visiachwe vikakaza. Mama akasikiliza, kisha akauliza, 'Mbona basi vidole vyake vinaweza kufumba ngumi?' Hakuna mtihani uliowahi kuniuliza swali zuri hivyo. Nikamjibu: kwa sababu misuli ya kufumba inaendeshwa na neva nyingine, ambazo hazipiti njia ile. Akatikisa kichwa, 'Haya, Daktari.' Mara hii sikuona haya kuitwa hivyo, ingawa bado miaka.

Jirani naye alikwisha rudi hospitalini, si kwa ushauri wangu, bali dadake alimlazimisha. Kiganja kimeanza kuinuka. Tuliposalimiana alinishika kwa mkono ule ule. Nilifurahi, lakini pia niliona aibu, na aibu hiyo naitunza.

Shime wenzangu! Baada ya kusoma makala hii, lifunge jarida, mwambie mwenzako ulichokumbuka. Ukikwama, usihuzunike. Hapo ndipo masomo yanapoanza. Naiweka kalamu yangu chini nikiwatakia mafanikio mema na usingizi wa kutosha.